Nakala Safi, Nakala Chakavu: Uhakiki wa Vigezo vya Kukusanya Majarida ya Zamani ya Katuni Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inahakiki vigezo vinavyotumiwa kupima thamani ya machapisho adimu ya katuni ya Afrika Mashariki. Hoja yake ni kwamba kigezo cha usafi wa nakala, kilichotoka katika soko la Marekani, kinaufuta ushahidi ambao mtafiti wa Kiswahili anauhitaji kuliko mwingine wote, yaani alama za wasomaji. Mifano inatoka Kampala, ambako uhaba wa machapisho hayo una historia yake, na ambako sera ya sasa ya Kiswahili imeyapa umuhimu mpya.

Utangulizi

Mwaka jana nilikaribishwa nyumbani kwa mkusanyaji mmoja hapa Kampala, mtu mkarimu na mwenye subira, ili anionyeshe toleo moja la Pichadithi. Lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki ngumu, kingo zake zimezibwa kwa utepe. Nilipoomba kulifungua, alicheka. "Dokta, hilo halifunguliwi. Likifunguliwa linashuka bei." Basi tukalitazama jalada, tukalisifu, likarudishwa kabatini. Nilikuwa nimesafiri kutoka upande wa pili wa jiji kwenda kusoma kitabu. Nikarudi nimesoma jina lake tu.

Jina lenyewe, nakiri, lilinistahilia safari. Pichadithi ni mfululizo wa vitabu vya katuni uliochorwa na Terry Hirst na kutolewa Nairobi na Kul Graphics katika miaka ya 1980, ukisimulia kwa michoro ngano na visakale vya Kenya, kikiwemo kile cha Lwanda Magere wa Waluo. Neno hili limeunganisha picha na hadithi kwa namna ambayo herufi mbili, h na a, zinalifunga neno la kwanza na papo hapo kulifungua la pili. Ni muungano wa macho na si wa sikio, maana katika matamshi ch ni sauti moja isiyogawanyika. Kwa utanzu unaosomwa kwa macho kwanza, sijaona istilahi iliyobuniwa kwa ustadi zaidi. Hata hivyo haikushika. Tumebaki na katuni, na kibonzo kinachopendwa zaidi Kenya, na maneno yote mawili yanabeba kwa pamoja mchoro mmoja wa kuchekesha na hadithi ndefu ya kurasa nyingi. Tena ndani ya Pichadithi masimulizi ni ya Kiingereza. Kiswahili kiliwekwa mlangoni kama kibao cha duka, na wateja wakahudumiwa kwa lugha nyingine. Hili ni la kulaumu, na mkusanyaji anayehifadhi jalada pekee anaishia kuhifadhi kibao.

Kigezo kilikotoka

Desturi ya kuziba nakala haikuzuka Kampala. Katika soko la Marekani thamani ya jarida la katuni hutegemea mambo machache: ni toleo la kwanza au la, mhusika fulani anaonekana humo kwa mara ya kwanza au la, nakala ngapi zimesalia, na hali ya nakala husika. Hali hiyo hupimwa kwa ngazi zinazoishia 10, na tangu mwaka 2000 kampuni ya CGC imekuwa ikitoa alama hizo na kuifungia nakala ndani ya kasha la plastiki. Toleo la kwanza la Action Comics, lililouzwa kwa senti 10 mwaka 1938, lilinunuliwa kwa dola milioni 6 mwezi Aprili 2024. Kwa nchi ambayo nakala za kusoma zimejaa maktabani na matoleo ya kale yamechapishwa upya mara nyingi, kuifungia nakala moja hakumnyimi mtu maandishi. Kwetu nakala iliyofungwa huenda ikawa ndiyo pekee iliyo karibu, na kuifunga ni kuyafunga maandishi yenyewe.

Sisemi haya kwa kuwadharau wakusanyaji. Sisi wa vyuo vikuu hatukuwa na haki ya kudharau. Wakati tukiwapanga washairi na waandishi wa riwaya katika rafu zetu, kuna watu waliokuwa wakiweka matoleo ya Sani chini ya vitanda, wakichekwa na wake na waume zao. Hata kopasi ambazo wanaisimu huzitegemea, kama ile ya Helsinki, zimejengwa hasa juu ya magazeti na vitabu. Maneno yaliyosemwa ndani ya viputo vya katuni hayamo kwa kiasi cha kutajika. Atakayetaka kujua neno la mitaani liliingia lini katika maandishi ataupata mwaka ambao mwandishi wa habari aliliona linafaa, na huo mara nyingi ni mwaka wa kuchelewa.

Uhaba una mipaka yake

Adimu kwa nani, na wapi? Swali hili soko haliliulizi, ingawa kwa Kampala ndilo la kwanza. Jarida la Joe lilianzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na Terry Hirst, likaendelea hadi mwaka 1979. Mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa kwake, serikali ya Idi Amin ilikuwa imewafukuza Waasia, na biashara nyingi za jiji hili zikaanguka au kubadilika mikono. Miaka ya uhai wa Joe ndiyo miaka ambayo msomaji wa Kampala alikuwa na fedha chache na hofu nyingi. Sani nalo, lililoasisiwa Dar es Salaam na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo (silabi za kwanza za majina yao ndizo jina la jarida), lilitokea mwishoni mwa miaka ya 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, Tanzania imefunga mpaka wake na Kenya, nao ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Upande wetu, Tanzania na Uganda zilipigana vita vya 1978 na 1979. Nakala ya Sani ya miaka hiyo inayopatikana Kampala, hata ikiwa imepoteza jalada, imevuka vizuizi ambavyo nakala safi ya Dar es Salaam haikuvuka. Hakuna ngazi ya 1 hadi 10 inayolipima jambo hilo.

Njia hiyo ilikuwa na upande wa pili pia. James Tumusiime, ambaye baadaye alianzisha Fountain Publishers hapa Kampala mwaka 1988, alimchora mhusika wake Bogi Benda katika magazeti ya Nairobi alipokuwa akiishi uhamishoni Kenya. Sehemu ya historia ya katuni za Uganda, kwa hiyo, imo ndani ya magazeti ya nchi jirani.

Daftari

Nakala ninayoithamini kuliko zote nilizo nazo si jarida. Ni daftari la shule nililonunua kwa shilingi elfu tano kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu karibu na soko la Owino. Mtu fulani alikata vipande zaidi ya 50 vya Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau iliyotoka kwa miongo kadhaa katika Taifa Leo la Nairobi, akavibandika ukurasa baada ya ukurasa, viwili viwili. Gundi imeacha madoa ya kahawia, karatasi ya gazeti imekuwa ngumu kama jani kavu, na mchwa wamekula pembe moja. Mkusanyaji niliyemtaja alilishika kwa vidole viwili. Katika soko lake lina thamani ya karatasi ya kufungia njugu.

Juu ya baadhi ya maneno, kwa kalamu ya wino wa buluu, kuna Kiganda. Juu ya juha pameandikwa musiru, mara moja tu, katika kipande cha kwanza. Msomaji hakuhitaji kukumbushwa tena. Juu ya deni kuna ebbanja, juu ya hasira kuna obusungu, juu ya haraka kuna mangu. Maneno kama mtu, kula na nyumba hayakuandikiwa chochote. Kadiri kurasa zinavyosonga, maandishi ya buluu yanapungua, lakini yale yaliyobaki ni ya aina moja: takriban yote yanafafanua maneno yenye asili ya Kiarabu. Msamiati wa Kibantu msomaji huyu aliupita kwa mguu wa lugha yake ya kwanza. Kwenye maneno yaliyotoka ng'ambo ya bahari ndipo alipojikwaa. Daftari moja si utafiti, na sitajenga nadharia juu ya wino wa mtu mmoja. Hata hivyo mtunga mtaala yeyote anayewaandalia Kiswahili wanafunzi wenye Kiganda angependa kuwa na madaftari kama haya 100, na kwa sasa hatuna utaratibu wowote wa kuyatafuta.

Kuna neno moja ambalo msomaji hakuliandikia lolote, nalo ndilo lililonishughulisha zaidi: Kalulu. Katika lugha kadhaa za kusini mwa eneo letu, Kinyanja kikiwemo, kalulu ni sungura, yule mjanja wa ngano anayewashinda fisi na simba. Kumwita mtu Juha Kalulu ni kumwita mjinga mwerevu, na humo mna nusu ya mzaha. Mganda ana sungura wake, Wakayima, mwerevu vilevile, lakini jina halimfikishi huko. Inaelekea kwake Kalulu lilikuwa jina tu, na mzaha ukabaki mguu mmoja. Jigal Beez, aliyechambua katuni za mapema za Kiswahili, ameutambua mchezo huu wa sungura mpumbavu. Ambalo chanzo kilichochapishwa hakiwezi kumwonyesha ni mahali ambapo mchezo ulimpita msomaji. Linalothibitisha hilo ni nafasi tupu juu ya neno.

Majina ya wahusika wa Sani yanadai usomaji wa aina hiyohiyo. Ndumilakuwili ni neno la kale la mnafiki, lililokuwapo kabla ya katuni yoyote, na mchoraji alilivalisha suruali tu. Lodi Lofa ni kitu kingine. Lofa ni mkopo kutoka Kiingereza, mtu asiye na kazi wala shabaha. Lodi, inavyoelekea, ni yule bwana mkubwa wa Uingereza. Jina zima linamtawaza mzururaji. Maneno mawili ya mkoloni, moja la heshima na moja la dharau, yamegonganishwa hadi yote mawili yakawa kichekesho. Mchoraji wa gazeti la mitaani alifanya kwa maneno mawili kazi ambayo wahakiki wa fasihi ya baada ya ukoloni huitengea sura nzima.

Lazima nimlaumu pia mwenye daftari. Alikata tarehe. Kila kipande kimefuatwa kwa mkasi hadi kwenye mstari wa fremu, na kilichokuwa juu yake kimepotea. Niliweza kukadiria tarehe ya vipande vichache tu, vile ambavyo gundi imeachia, kwa kusoma matokeo ya kandanda yaliyo nyuma. Nakala safi ya mkusanyaji ingenipa tarehe na kuninyima msomaji. Daftari limenipa msomaji na kuninyima tarehe. Tunahitaji zote mbili, na ndiyo maana napinga kipimo kinachoitunza moja na kuitupa nyingine.

Wajibu ambao haujapewa mtu

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwezi Julai 2022 Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikuwa yameshakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mjadala umekuwa juu ya walimu na vitabu vya kiada. Swali la Waganda walisoma nini kwa Kiswahili bila kulazimishwa na mtu halijapata nafasi, ilhali jibu lake liko katika karatasi ninazozizungumzia.

Sheria haizifikii. Makerere imekuwa maktaba ya amana tangu sheria ya mwaka 1958, na Sheria ya Maktaba ya Taifa ya mwaka 2003 iliongeza mahali pengine pa kupelekwa nakala. Zote mbili zinamhusu mchapishaji wa Uganda. Gazeti lililochapishwa Nairobi na kusomwa Kampala halimo katika wajibu wa yeyote hapa, na Nairobi hawana sababu ya kujua kwamba lilisomwa na nani. Matokeo yake ni kwamba mtafiti hupata wepesi zaidi akielekea Mainz, au East Lansing ambako Chuo Kikuu cha Michigan State kina mojawapo ya mikusanyiko mikubwa ya katuni duniani. Wenzetu wa huko wametutendea wema. Lakini wao wanakusanya machapisho. Madaftari ya Owino hayatawafikia.

Washauri wa sera wataniuliza kuhusu gharama. Kununua kwa bei za wakusanyaji sikupendekezi, kwa kuwa kutapandisha bei na kuongeza plastiki. Ninachopendekeza ni rejista: mwenye mkusanyiko abaki nao, lakini kila toleo lisajiliwe, lipigwe picha kurasa zote, na fomu iwe na nafasi ya alama za wasomaji, yaani majina, mihuri, tafsiri, hesabu za deni la dukani, chochote kilichoandikwa baada ya kiwanda. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ndiyo chombo pekee nikijuacho ambacho eneo lake la kazi linalingana na safari za majarida haya. Hakimiliki itakuwa kikwazo kwa uchapishaji upya: Hirst alifariki mwaka 2015, na kwa sheria ya Kenya, inayolinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, Pichadithi haitakuwa huru kabla ya mwisho wa mwaka 2065. Karatasi ya gazeti haitasubiri hadi hapo. Kwa hiyo mazungumzo na warithi na wachapishaji kuhusu nakala za utafiti yanapaswa kutangulia mazungumzo yoyote kuhusu maonyesho.

Mkusanyaji wangu tumeshaanza kujadiliana. Amekubali kwamba toleo moja, lile ambalo tayari lina mkunjo kwenye jalada, linaweza kutolewa mfukoni mbele yake, na kurasa zifunguliwe na yeye mwenyewe huku mimi nikipiga picha. Ameniomba nami nimpelekee daftari la Juha Kalulu alitazame tena, safari hii pamoja na mama yake, ambaye anasema aliwahi kuwa na lake.