Jedwali Lisilouliza Lini

Vitabu vya ufundi wa magari ya kabureta vina ukurasa mmoja unaochakaa kabla ya kurasa nyingine zote: jedwali la hitilafu. Safu ya kwanza inataja dalili, ya pili sababu, ya tatu dawa. Vitabu vya Haynes, vilivyoanza kutoka Uingereza mwaka 1966, vimewazoesha mafundi wa mabara yote umbo hili, na kwa hitilafu nyingi linatosha. Taa haiwaki, fyuzi imeungua, weka nyingine. Lakini uko ugonjwa mmoja unaolishinda, nao ni injini kukosa petroli ya kutosha. Hapo mahojiano ya fundi wa mtaani na dereva, ambayo hakuna aliyewahi kuyaita utanzu, yamejengeka vizuri kuliko jedwali.

Tulisome jedwali kwanza. Dalili imeandikwa kwa kitenzi cha wakati uliopo kisicho na mahali: injini inakosa nguvu. Mbele yake sababu zimepangwa moja chini ya nyingine: filta imeziba, pampu imechoka, sindano ya kabureta imekwama, jeti ina uchafu. Zote zina uzito mmoja, na hakuna inayotangulia nyingine ila kwa bahati ya mpangilio. Dereva hayumo. Mlima haumo. Mzigo haumo. Gari la jedwali limesimama karakana, nalo linaumwa muda wote.

Gari halisi haliumwi hivyo, na kisa ni bakuli la kabureta. Kabla petroli haijafika kwenye jeti, hukaa humo, na kielea hufungua na kufunga sindano ili kina kibaki kilekile. Injini ikinguruma mahali pamoja, hata pampu dhaifu huweza kulijaza. Ukikanyaga mafuta na kuanza kupanda, injini hunywa haraka kuliko pampu inavyoleta. Kina kinashuka, gari linavuta na kuachia, kisha linazima. Ukisubiri kidogo kisha ukapiga stata, bakuli linajaa tena na gari linawaka kana kwamba umelisingizia. Hitilafu hii basi ina mwanzo, katikati na mwisho. Ni kisa, na kisa hakiingii katika safu tatu.

Sasa tusikilize mahojiano yenyewe. Tuko Gasenyi, kaskazini-mashariki mwa Bujumbura, karibu na Ikulu ya Ntare Rushatsi iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 2019. Hapa ardhi imeanza kuuacha uwanda wa ziwa na kuelekea milima ya Mumirwa. Gari ni Peugeot 504 ya pikapu, pampu yake ikiendeshwa na injini yenyewe.

"Limezimia wapi, mzee?"

"Hapo juu, nusu ya mlima. Gia ya pili, nimepakia saruji."

"Limekata ghafla?"

"Hapana. Limevuta likaachia, limevuta likaachia, halafu kimya."

"Kabla ya mlima umeendesha muda gani?"

"Natoka Kanyosha. Nimeuvuka mji wote."

"Ukakaa kidogo likawaka?"

"Dakika chache tu. Likawaka kama halijaugua."

"Basi likizima tena usipige stata. Niite kwanza."

Katika maswali hayo manne hakuna hata moja linalouliza nini kimeharibika. Yote yanauliza wapi, vipi, lini. La pili linatenga moto na mafuta: koili au waya ukikatika, injini hufa ghafla, lakini petroli ikipungua hufa kwa kusitasita. La tatu linaonekana kama la kupitisha muda, tena jibu lake ni la kawaida kabisa, mtu ametoka kusini mwa mji akaja kaskazini. Msimulizi mzuri hupanda mbegu namna hiyo, mahali ambapo msikilizaji hashtuki.

Kilele kimo katika amri ya mwisho. Mwenye gari likizima, mkono wake huenda wenyewe kwenye ufunguo. Lakini kwa pampu ya aina hii, kila mzunguko wa stata unarudisha petroli kwenye bakuli, na ushahidi unafutika. Kwa kukataza stata, fundi anakisimamisha kisa pale pale panapouma. Jedwali halina njia ya kusema "sasa".

Gari lilipozima tena, fundi aliivua hepa, yaani chujio la hewa, akachungulia koo la kabureta na kuvuta kwa mkono waya wa mafuta. Uzi mwembamba wa petroli ungeruka ndani, angejua bakuli lina kitu, na lawama ingekwenda mbele, kwenye jeti au moto. Haukuruka. Kwa tendo moja nusu ya washukiwa waliachiwa, na msako ukarudi nyuma, kuelekea tangi.

Filta ilikuwa na tope jekundu. Hapa ndipo msuko ulipojaribiwa, kwa sababu maelezo yalikuwa tayari mdomoni mwa kila mtu. Burundi imesumbuliwa na uhaba wa mafuta katika miaka hii ya 2020, wenye magari wamezoea foleni na bidoni, na petroli ya bidoni huja na kutu na maji yake. Fundi dhaifu angebadilisha filta, akapokea hela, na kisa kingeishia hapo. Huyu aliipuliza, akasema, "Chafu, lakini inapitisha," akaenda nyuma ya gari na kuzungusha kizibo cha tangi. Hewa iliingia kwa mluzi mrefu. Chini ya kizibo kulikuwa na kipande cha nailoni kilichokunjwa mara mbili, mzee alichokiweka ili petroli aliyoipata kwa taabu isimwagike njiani. Nailoni iliziba pia tundu la kupumulia. Kadiri pampu ilivyofyonza, ndivyo tangi lilivyozidi kukosa hewa ya kujaza nafasi, na safari ndefu kutoka Kanyosha ilitosha kulifikisha ukomo. Mbegu ya swali la tatu imeota: uhaba wa mafuta nchini umezaa uhaba wa mafuta ndani ya gari.

Umbo hili halikuanza na pikapu. Magari ya Kimarekani ya aina ya "muscle car", yenye injini kubwa za V8, ambayo wengi huhesabu mwanzo wake kwenye Pontiac GTO ya 1964, yana kisa kilekile kwa mwendo wa kasi. Katika mbio za robo maili, takriban mita 400, gari hutoka vizuri, gia ya kwanza nzuri, ya pili nzuri, likaishiwa karibu na utepe. Huko kisa huisha kwa sekunde. Gasenyi kilihitaji mji mzima na nusu ya mlima. Swali linabaki lilelile: lini?

Hata hivyo, mahojiano ya fundi yana kasoro mbili za kifani. Ya kwanza, kisa hutamani mkosaji mmoja, na tope la filta linaonyesha mkosaji wa uongo anavyopatikana kirahisi. Jedwali halina upendeleo. Huwaweka washukiwa wote mstarini hata fundi akiwa amechoka. Ya pili, simulizi halina kipimo. Mafundi wa V8 walikuwa na kanuni: pampu itoe painti moja, karibu nusu lita, ndani ya nusu dakika. Fundi wetu husema "inatema vizuri", na hukumu hiyo haiwezi kuhamia gereji nyingine bila jicho lake.

Kwa hiyo jedwali lisitupwe. Liongezwe safu ya nne, nayo itangulie zote: lini. Sekunde chache baada ya kukanyaga mafuta mpaka mwisho: tazama filta na pampu. Baada ya mwendo mrefu, hata tambarare: kizibo cha tangi. Tangi likishuka chini ya nusu: bomba la kufyonzea limetoboka humo ndani, linavuta hewa, wala halidondoshi tone nje. Baada ya kusimama injini ikiwa ya moto: petroli imechemka kwenye bomba. Polepole, kadiri unavyopanda kutoka ziwani, lililo kwenye mita 770 hivi, kwenda Bugarama, juu ya mita 2,000, na plagi zikitoka nyeusi: hiyo si njaa, hewa imepungua na petroli imezidi. Jedwali la sasa huiweka hali hii ya mwisho mstari mmoja na zilizotangulia, na kwa kosa hilo kabureta nzima hufunguliwa bure. Mwanagenzi akilianza somo kwa safu hiyo, atalazimika kumhoji dereva kabla ya kugusa spana.