Siri ya Nani? Uhakiki wa Madaraja ya Data za Vyuo Vikuu kwa Mfano wa Juba

Miongozo ya usalama wa taarifa vyuoni aghalabu huzipanga data katika madaraja matatu: za wazi, za ndani na za siri. Makala haya yanadai kuwa kasoro ya mpangilio huo imo katika neno siri lenyewe. Siri humlinda mwenye kuitunza. Unyeti humhusu anayetajwa. Ndiyo maana mitihani na mikataba hufungiwa kabatini, ilhali orodha ya wanafunzi huhesabiwa kuwa ya ndani tu.

Juba inadhihirisha hatari yake. Anwani ya Malakia, mtaa mkongwe wenye watu wa asili nyingi, peke yake haimfichui mtu. Ikiambatanishwa na jina lake, la baba na la babu, pamoja na kaunti ya asili, hubainisha kabila. Na Desemba 2013 watu waliuawa jijini humo kwa sababu ya kabila lao.

Sheria za majirani hazilingani. Ile ya Kenya ya 2019 inataja asili ya kikabila miongoni mwa data nyeti. Ya Uganda, ya mwaka huohuo, inataja imani, siasa, afya na fedha katika kifungu cha 9, lakini si kabila. Atakayeinakili hii ya pili kwa ajili ya Juba ataacha pengo palepale penye hatari.

Tunapendekeza kila daraja lijibu swali moja: data zikivuja, nani atadhurika? Tena zipimwe zikiwa pamoja, si mojamoja.