Betri Mbili Zilizoamua Ukubwa wa Vifaru vya Plastiki

Katika duka la modeli za plastiki, ndege za kivita hupatikana zaidi kwa skeli ya 1/72 na 1/48, manowari kwa 1/700 na 1/350, na vifaru, kwa wingi unaozidi vyote, kwa 1/35. Skeli za ndege zina asili inayoeleweka kwa haraka. Ni hesabu za Waingereza na Wamarekani wanaopima kwa futi na inchi: kwa 1/72, inchi moja inasimama badala ya futi sita, kwa 1/48, robo inchi inasimama badala ya futi moja. Fundi wa zamani aliweza kuchonga ndege kwa rula yake ya kawaida bila kushika kalamu.

1/35 haina urahisi huo. Futi moja inageuka milimita 8.7. Mita moja inageuka milimita 28.57. Hakuna rula ya kawaida inayokubaliana nayo, na anayejenga kifaru kwa skeli hii hukaa na kikokotoo mezani akigawa kila kipimo kwa 35. Basi nani aliichagua, na kwa nini dunia nzima ikamfuata?

Jibu limo katika kitabu cha maisha yake Shunsaku Tamiya, aliyeiongoza kwa miaka mingi kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani. Skeli hii haikuchaguliwa na mtu. Ilipatikana kazi ikiwa imekwisha, walipochukua rula wakapima kitu ambacho tayari kilikuwa kinauzwa.

Kampuni ilianzishwa mwaka 1946 na baba yake, Yoshio Tamiya, kama kampuni ya mbao. Mwaka 1951 kiwanda cha kupasulia mbao kiliungua, na hatua kwa hatua wakahamia kwenye modeli za mbao. Kisha plastiki kutoka Marekani ikaingia Japani na kuanza kuua soko hilo. Mwaka 1960 Tamiya wakatoa modeli yao ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato kwa skeli ya 1/800. Mshindani akaleta Yamato yake kwa bei ya chini, Tamiya wakalazimika kushusha ya kwao, na mradi ukawatia hasara.

Uzito wa hasara hiyo unaonekana ukijua modeli ya plastiki inavyotengenezwa. Punje za polistirini huyeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 200 za selsiasi, kisha husukumwa kwa nguvu kubwa ndani ya kalibu ya chuma yenye nusu mbili zilizobanwa. Plastiki inapoa kwa sekunde chache, kalibu inafunguka, pini ndogo zinasukuma vipande nje vikiwa vimeshikana kwenye fremu yao. Plastiki yenyewe ni rahisi. Fedha yote imelala kwenye kalibu: kuichora, kuichonga, kuisugua ndani mpaka ing'ae. Gharama hiyo inalipwa kabla boksi la kwanza halijauzwa, na ukikosea kipimo, chuma hakirudi. Kwenye mbao ungebadilisha mchoro kesho asubuhi ukaendelea.

Kwa hiyo modeli zilizofuata zilikuwa za kufa au kupona. Watoto wa Japani wakati ule walitaka modeli inayotembea, inayopanda juu ya kitabu na kushuka upande wa pili, si ya kukaa kwenye rafu. Mwaka 1961 Tamiya wakatoa kifaru cha Kijerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, Panther, chenye mota ndani. Picha ya boksi ilichorwa na Shigeru Komatsuzaki, mchoraji aliyekuwa tayari na jina kubwa kwa wavulana wa Japani. Kwa jicho la mtengeneza kalibu, Panther ni chaguo zuri sana. Sehemu kubwa ya bodi yake ni mabamba bapa, na ya juu yanalala kuelekea ndani kadiri yanavyopanda, hivyo bodi ya juu inachomoka kwenye kalibu bila kukwama. Kifaru chenye mviringo mwingi kama Sherman wa bodi ya kumiminwa kingewatesa zaidi.

Sasa tuje kwenye betri. Tamiya anaeleza kwamba ukubwa wa Panther ile uliwekwa ili betri mbili za ukubwa wa kati, zile tunazoziona na alama ya C, zitoshe ndani. Tufanye hesabu tuone jambo hilo linabana kiasi gani.

Panther halisi ina upana wa mita 3.27 kutoka ukingo wa nje wa mnyororo mmoja hadi wa mwingine. Kila mnyororo una upana wa sentimita 66. Toa minyororo yote miwili, unabaki na mita 1.95 katikati, na hapo ndipo bodi ya chini inapokaa. Kwenye modeli, mota, giaboksi na betri havina mahali pengine pa kwenda. Betri ya C ina kipenyo cha milimita 26.2, kwa hiyo mbili zikilala ubavu kwa ubavu zinahitaji milimita 52.4. Kwa skeli ya 1/48, ile nafasi ya mita 1.95 inakuwa milimita 40.6: haziingii. Kwa 1/40 inakuwa 48.75: bado. Kwa 1/35 inakuwa milimita 55.7. Ukiondoa kuta mbili za plastiki zenye unene wa milimita moja na nusu kila moja, zinabaki 52.7. Betri zinaingia, na nafasi inayosalia ni theluthi moja ya milimita. Hesabu hii ni yangu, si ya kiwandani, lakini inaonyesha kwa nini Panther hiyo isingeweza kuwa ndogo zaidi, na kwa nini kuifanya kubwa zaidi kungekuwa kuongeza plastiki, chuma cha kalibu na bei bila sababu.

Panther iliuzwa vizuri. Tamiya wakataka kutoa vifaru vya mataifa mengine vinavyoweza kusimama kando yake kwa ukubwa sahihi. Wakaipima, wakagawa, wakapata takriban 1/35. Namba ikaandikwa kwenye boksi.

Mpaka hapo 1/35 ilikuwa bado ni jambo la giaboksi na betri. Kwa maoni yangu, kilichoifanya skeli ya dunia kilitokea mwaka 1968, Tamiya walipoanza kutoa askari wadogo wa plastiki kwa skeli hiyo hiyo. Askari hana betri. Lakini mtu mwenye urefu wa mita 1.75 anakuwa milimita 50 kamili, na huo ni urefu mzuri ajabu kwa mkono wa binadamu: uso unatosha kupakwa macho kwa brashi nyembamba, vifungo vya koti vinaonekana, na bado askari watano wanakaa kwenye kiganja. Baada ya askari yakaja magari madogo yasiyo na mota, mizinga, mapipa ya mafuta, vibanda. Mtu aliyekwisha kununua askari kumi wa 1/35 hanunui tena kifaru cha skeli nyingine. Italeri ya Italia ikaingia kwenye 1/35. Baadaye wakaja Dragon wa Hong Kong, Academy wa Korea Kusini, Zvezda wa Urusi, ICM na MiniArt wa Ukraine, Trumpeter na Meng wa China. Wote wanachonga kalibu zao kufuata namba iliyotoka kwenye betri za mchezo wa watoto.

Mota zilipoondoka, mahali pake palibaki. Modeli nyingi za miaka ya 1960 na 1970, na hata baadhi ya za baadaye, zina matundu chini ya bodi: tundu la swichi, matundu ya skrubu, mlango wa betri. Kasoro kubwa zaidi ni ile ya mabega. Bodi ya juu ya Panther inatoka nje na kufunika minyororo, na kwenye kifaru halisi sehemu hiyo ina sakafu ya chuma kwa chini. Kwenye modeli ya zamani sakafu hiyo mara nyingi haipo, kwa sababu ilihitaji kipande cha ziada, na kwenye kifaru kinachokimbia sakafuni hakuna aliyeinama kutazama. Ukiiinua leo na kuitazama kutoka mbele, juu ya minyororo, unaona moja kwa moja ndani ya kifaru kitupu.

Kuziba mabega hayo ni kazi ya jioni moja, na ndiyo inayotofautisha modeli ya zamani iliyojengwa kwa heshima na iliyobandikwa tu. Chukua karatasi ya plastiki ya polistirini yenye unene wa nusu milimita. Kwanza kata kiolezo kwa karatasi ya kawaida ngumu: kiweke juu ya uwazi, pitisha ukucha kwenye kingo mpaka alama itokee, kata, jaribu, punguza. Upana utakuwa kama milimita 19, yaani zile sentimita 66 za mnyororo zilizogawanywa kwa 35. Hamishia kwenye plastiki, pitisha kisu mara mbili bila kukandamiza, kisha ivunje kwa kuikunja. Itakatika sawasawa kwenye mstari. Gundi iwe ya majimaji, ile inayoyeyusha plastiki, si ile nzito ya kunata. Shika kipande mahali pake kikiwa kikavu, gusa ukingo kwa brashi yenye gundi, na gundi itakimbia yenyewe ndani ya ufa. Iache ilale usiku mzima. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanapiga msasa baada ya saa moja, plastiki bado laini, na kesho yake mshono unazama na kuacha mfereji. Kukipambazuka, jaza puti palipobaki uwazi, piga msasa namba 400 kisha 600, na upulize praima ya kijivu. Praima haisamehe. Ufa ambao jicho halikuuona kwenye plastiki tupu utajitokeza mweusi.

Jambo la pili ni unene. Kwa 1/35, milimita moja ya plastiki ni sawa na milimita 35 za chuma. Kwa kifaru hii ni bahati. Deraya ya ubavuni ya Panther ilikuwa na unene wa milimita 40, kwa hiyo plastiki ya milimita 1.1 inaionyesha kwa haki. Ya mbele, milimita 80, inataka milimita 2.3. Matatizo yanaanza kwenye bati. Kinga ya matope yenye unene wa milimita mbili ingetakiwa iwe sehemu sita za mia za milimita, na plastiki haitiririki kwenye kalibu nyembamba kiasi hicho. Fundi ana njia mbili: akwangue ukingo kwa kisu kutoka ndani, ili jicho lione wembamba pale tu linapotazama, au anunue shaba nyembamba iliyochongwa kwa asidi. Mimi hupendelea kukwangua. Shaba ni nzuri kwa nyavu za juu ya injini, ambazo plastiki haiwezi kuziiga kabisa, lakini nimeona modeli nyingi zilizovalishwa shaba kila mahali huku mabega yake yakiwa bado matupu.

Minyororo nayo ilirithi tabia za mota. Ilikuwa mikanda ya vinyli inayovutika, iliyounganishwa kwa kuyeyusha vichwa vya vijiti vyake kwa bisibisi iliyopashwa moto. Kwa kifaru kinachotembea inafaa. Lakini mnyororo wa chuma wa Panther ni mzito na hulala juu ya magurudumu, ukibonyea kati ya moja na jingine, ilhali vinyli inanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Dawa yake ni kuushusha kwa uzi mweusi unaofungwa nyuma ya magurudumu, au kutumia minyororo ya vipande vya plastiki inayogundishwa kipande baada ya kipande.

Tamiya hawakuendelea kutegemea bahati. Mwaka 1966 Shunsaku Tamiya alisafiri hadi jumba la makumbusho la Aberdeen, Maryland, nchini Marekani, lililokuwa limesheheni vifaru vilivyotekwa vitani, akavipiga picha kwa wingi kutoka kila upande. Miaka kumi hivi baadaye, kwa ajili ya modeli ya gari la Porsche, kampuni ilinunua gari lenyewe na kulifungua skrubu kwa skrubu. Naamini hapo ndipo jina lao lilipojengwa: kwenye kupima kitu chenyewe, si kwenye namba ya 35.

Upimaji huo unawezekana hata kwetu. Katika Fort Jesus, Mombasa, upo mzinga wa sentimita 10.5 uliotolewa kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyopigwa na manowari za Kiingereza Severn na Mersey kisha ikazamishwa na mabaharia wake katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi iliokolewa na kupelekwa kupigana nchi kavu pamoja na jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki chini ya Lettow-Vorbeck. Kwa 1/35, kipenyo cha ndani cha mtutu wa mzinga huo, milimita 105, kinakuwa milimita 3 kamili bila mkia wa desimali. Mtutu wote, kwa kuwa ni wa urefu wa vipenyo 40, unakaribia milimita 120. Wewe unayejenga modeli na unayefika Mombasa, nenda na tepu ya kupimia, daftari na kamera, uombe ruhusa, upime kila bolti na kila mkunjo wa chuma, kabla kutu haijala kingo zake.