Picha Nyuma ya Neno: Uhakiki wa Slaidi za Ibada ya Kiswahili Mpakani Rusizi

1.0 Utangulizi
Katika kitabu cha nyimbo, ubeti huzungukwa na karatasi nyeupe. Unapohamishiwa kwenye skrini ya kanisa, mara nyingi huzungukwa na picha: machweo, milima yenye theluji, shamba la ngano. Ni rahisi kuziona picha hizo kuwa mapambo tu. Makala hii inaupinga mtazamo huo kwa kuirejelea Rusizi, wilaya ya mpakani kusini-magharibi mwa Rwanda. Hoja yake ni kwamba picha huanza kuufasiri ubeti kabla haujasomwa. Anayeichagua anafanya kazi ya mhakiki, ajue asijue.

2.0 Nanga Iliyogeuzwa
Katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, Roland Barthes alieleza kuwa maneno huitia picha nanga: picha hubeba maana nyingi, nayo maelezo yanayoambatana nayo huelekeza ipi ishikwe. Slaidi ya ibada huupindua uhusiano huo. Hapa sitiari kama "mwamba", "malisho" au "mto" ndiyo yenye maana nyingi, na picha ndiyo inayoifunga. Msomaji wa kitabu alijichorea mwamba wake mwenyewe. Mtazamaji wa slaidi amekwisha kuchorewa.

Utendaji wa programu huweza kulizidisha jambo hili. Katika OpenLP, programu huria inayotolewa bila malipo, mandhari ya slaidi huwekwa katika ngazi tatu: ya programu nzima, ya ibada moja, au ya wimbo mmoja mmoja. Ngazi ya kwanza ndiyo nyepesi zaidi. Picha huchaguliwa mara moja, kisha nyimbo zote huivaa, wa toba na wa shangwe pamoja. Hapo picha haiufasiri wimbo wowote. Huzisawazisha nyimbo zote.

3.0 Mto Usio wa Sitiari Pekee
Rusizi, iliyojulikana zamani kwa jina la Cyangugu, iko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Mto unaotoka ziwani humo, uitwao Rusizi upande wa Rwanda na Ruzizi upande wa Kongo, huitenganisha na Bukavu. Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kilikuwa tayari lugha ya biashara kati ya kingo hizo mbili.

Katika mazingira hayo, "mto", "kuvuka" na "ng'ambo", maneno ambayo tenzi za Kikristo huyahusisha na Yordani na kifo, hubeba mzigo wa pili. Kuvuka ni riziki ya kila siku. Ni kumbukumbu ya mwaka 1994 pia, wakimbizi wengi walipotoka Cyangugu kuingia Bukavu. Kijito cha Ulaya chenye misonobari kikiwekwa nyuma ya ubeti wa namna hiyo, mto unakuwa si wa mtu yeyote.

Tiba inayokuja haraka akilini ni picha ya mahali. Mradi wa michoro wa Jesus Mafa, ulioanzia kaskazini mwa Kameruni katika miaka ya 1970, ulionyesha kuwa simulizi za Injili zinaweza kuchorwa kwa sura na vijiji vya Kiafrika. Hata hivyo, simulizi si sitiari. Simulizi huonyesha tukio; sitiari huacha nafasi. Picha ya daraja halisi la mpakani ingempeleka mwimbaji mmoja sokoni na mwingine msibani. Picha kuwa ya nyumbani hakuifanyi kuwa ya kufaa.

4.0 Hitimisho
Uhakiki huu hauitaki picha iondoke kanisani. Unataka ichaguliwe kwa ngazi ya wimbo, si kwa ngazi ya programu, na baada ya ubeti kusomwa. Pale ubeti unaposimulia tukio, mchoro wa Kiafrika unaweza kumsaidia hasa muumini ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu. Pale ubeti unapoegemea sitiari iliyo jeraha kwa baadhi ya waimbaji, rangi moja tulivu yenye herufi zinazosomeka inatosha. Mandhari tupu humrudishia mwimbaji kile alichopewa na karatasi nyeupe: haki ya kuuvuka mto wake mwenyewe.