Lopi Kichwani, Merino Shingoni

Jamani, kuna uzi halafu kuna Léttlopi! Madonge yametua mezani, la kijivu, jeupe na la bluu, na kabla hata sijatafuta sindano nimeshalipeleka moja puani. Linanukia kondoo. Si uvundo, ni ile harufu ya sufu yenyewe ambayo uzi wa kiwandani umeoshwa ukasahau kabisa. Hapa Minnesota, Januari ikikaa vizuri, digrii 20 chini ya sifuri ni asubuhi ya kawaida tu, na mfumaji anayetaka kofia ya kwenda nayo kituo cha basi hatafuti uzi mzuri wa kupiga picha. Anatafuta uzi wenye ubavu. Huu unao!

Léttlopi ni aina ya Lopi, uzi wa sufu ya Aislandi, na siri iko kwa kondoo. Kondoo wa Aislandi ni kizazi cha wale waliovushwa bahari na wahamiaji kutoka Skandinavia zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na manyoya yake yana tabaka mbili. La nje ni refu, gumu kidogo, na maji huteleza juu yake. La ndani ni laini, jepesi, na ndilo linaloshika joto. Kwenye Lopi tabaka zote mbili husokotwa pamoja. Chukua kipande usogeze dirishani: utaona vinywele virefu vimechomoza huku na huku, na katikati yake ukungu mwororo usioshikika. Hicho kijivu nacho si kijivu kimoja. Mna vinywele vyeupe, vyeusi, na vya rangi ambazo sijui hata niziite nini. Mtu angeweza kukitazama tu asifume!

Ukivuta kwa nguvu, uzi unakatika. Usishtuke, haukusokotwa kwa kukazwa, na ndiyo maana unabeba hewa nyingi hivyo. Ukishaingia kwenye vitanzi, vinywele vinakamatana na hakuna wa kuvitenganisha. Na hapa ndipo niliposhangilia kwa sauti: kuunga donge jipya hakuhitaji fundo. Legeza ncha mbili, zilaze moja juu ya nyingine, zilowanishe, kisha sugua kwa viganja mpaka zipate joto. Zimeshikana! Ukitafuta maungio huyaoni. Jaribu hilo kwa akriliki uone kama hutasugua hadi kesho.

Sasa hesabu. Donge moja ni gramu 50, mita 100, na kiwanda kinapendekeza sindano ya milimita 4.5, upate vitanzi 18 kwa kila sentimita 10. Kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 56. Kofia inatakiwa ikaze kidogo, kwa hiyo anzisha vitanzi 88. Madonge mawili yanatosha, hata ukikunja ukingo mara mbili juu ya masikio, na tafadhali ukunje. Mimi ningeshuka hadi sindano ya milimita 4. Joto ni hewa iliyonaswa, sawa, lakini upepo hauzuiwi na hewa. Unazuiwa na vitanzi vilivyobanana. Ndiyo maana zile nyuzi nene za kufumia kofia jioni moja, sindano nene kama kidole, hunivutia macho tu. Pana matundu, na upepo wa hapa unayajua yote.

Ukimaliza, iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, iminye bila kuikamua, uilaze ikauke. Uzi unaumuka, unajaza nafasi, unalainika. Mashine ya kufulia usiiote hata ndotoni: sufu hii haijaondolewa magamba yake, na ukiipiga kwa maji moto itarudi kofia ya mwanasesere.

Inakuna? Ndiyo, inakuna. Kichwani nywele zinasaidia, na kwenye paji la uso unaweza kushonea utepe wa uzi laini kwa ndani. Shingoni ni habari nyingine. Mama mmoja wa Kisii ninayefuma naye alijizungushia kipande cha majaribio, akakirudisha hapo hapo: “Mwanangu, huu ni upupu.” Sina la kumjibu, kwa sababu shingo haina nywele za kuikinga. Kosa la wengi ni kutaka kofia na skafu zitoke kwenye donge moja eti zifanane. Zifananishe rangi, nyuzi ziwe tofauti!

Kwa skafu nimeshika Malabrigo Rios ya Uruguay, merino tupu, gramu 100 kwa mita 192, na uso wangu umeshindwa kuondoka hapo. Nywele za merino ni nyembamba kiasi kwamba zikigusa ngozi zinajikunja badala ya kuchoma. Madonge mawili yanatoa skafu ya upana wa sentimita 18 na urefu wa kama 170. Rangi hutiwa kwa mikono kwenye masufuria, hivyo hakuna mawili yanayolingana kabisa. Fuma mistari miwili kwa hili, miwili kwa lile, yachanganyike. Merino hii imeshughulikiwa ili isisinyae, na ikilowa hurefuka. Skafu ikirefuka nani atalalamika?

Mfuko ukikataa, ipo Drops Nepal, sufu asilimia 65 na alpaka 35, mita 75 kwa gramu 50. Alpaka ina joto la ajabu na inalala vizuri begani, ila haina mnyumbuko. Kofia ya alpaka tupu itakushukia machoni kabla ya wiki kwisha. Akriliki nampa mtoto anayepoteza kofia shuleni, na kwa baridi ya Julai ya Limuru au Makete inatosha kabisa. Jasho tu ndilo isiloliweza. Sufu hunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kulowa, na ukitembea kwa kasi kwenye theluji kichwa hutoa jasho, niamini.

Donge la bluu lina vitanzi 88 tayari. Álafosslopi, ndugu yake mnene wa mita 100 kwa gramu 100, nimeshaiagiza.