Bango la Filamu Fupi na Ufundi wa Kutega

Bango la filamu ni karatasi inayosimama mlangoni kwa niaba ya filamu yenyewe, ikimwarifu mpita njia kwamba ndani kuna jambo la kutazamwa, na kwa sababu hiyo katika vyuo vingi huchukuliwa kuwa kazi ya pembeni, ya kukamilishwa usiku wa kuamkia onyesho na mwanafunzi yeyote anayejua kutumia programu ya kuchorea. Dhana hiyo inawanyima wanafunzi mojawapo ya kazi tamu kuliko zote katika fani yao. Filamu fupi, ambayo waandaaji wa tuzo za Oscar huihesabu kuwa ile isiyozidi dakika 40 pamoja na majina ya walioitengeneza, na ambayo chuoni mara nyingi haifiki hata nusu ya muda huo, haina mwigizaji maarufu wa kuwavuta watu, haina fedha za matangazo, wala haina nafasi ya kumzoesha mtazamaji polepole. Mzigo unaogawanywa kwa wengi katika filamu kubwa huangukia hapa juu ya picha moja na maneno machache, na namna mzigo huo unavyobebwa bila kuyumba ndiyo fahari ya ufundi huu.

Historia yenyewe inaipa filamu fupi haki ya kwanza juu ya bango. Mwaka 1895 Louis Lumière wa Ufaransa alipiga filamu isiyotimiza dakika moja, ambamo mtunza bustani anamwagilia mimea, kijana mtundu anaukanyaga mpira wa maji, na mtunza bustani anapochungulia mdomo wa mpira kutaka kujua kilichouziba, kijana anaondoa mguu na maji yanamrukia usoni. Mchoraji Marcellin Auzolle aliitengenezea bango ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza kuonyesha tukio la filamu mahususi: chini wamechorwa watazamaji wakicheka, na mbele yao, juu ya kitambaa cheupe, mtunza bustani analoweshwa. Bango hilo linatoa mzaha wote wa filamu mpaka tone la mwisho, na halikupungukiwa na kitu, kwa kuwa watu wa wakati ule hawakwenda kutazama kisa bali kushuhudia ajabu ya picha inayotembea. Ajabu hiyo leo imo mfukoni mwa kila mwenye simu, na kilichobaki cha kumwitia mtazamaji ni kisa. Msanifu wa sasa, kwa hiyo, analazimika kuficha kile ambacho Auzolle alikionyesha kwa furaha.

Ufichaji wa namna hiyo una jina katika jadi ya Kiswahili, nalo ni kutega. Mtegaji wa kitendawili hutoa sura ya kitu bila kukitaja, akifuata sheria mbili ambazo msanifu wa bango angefaa kuziweka mbele yake kila anapoketi kazini: kila neno la fumbo liwe la kweli kuhusu kitu kinachofumbwa, na jibu likishatolewa wasikilizaji waone kwamba lilikuwa mbele ya macho yao tangu mwanzo. Wakishindwa humpa mtegaji mji ili awafumbulie, na mtazamaji wa filamu fupi naye hutoa mji wake, yaani robo saa ya maisha yake na pengine nauli ya daladala, ili alipate jibu la kile alichokiona ukutani. Neno hilohilo, mji, hutaja pia uwanja wa kati wa kanga, ule unaozungukwa na pindo na ambao kwa chini hubeba jina, yaani msemo uliochapwa kwa herufi kubwa. Hakuna somo la usanifu lililo karibu zaidi na mwanafunzi wa Afrika Mashariki kuliko vazi hilo, kwa kuwa jina la kanga mara nyingi halielezi mchoro wala mchoro hauelezi jina. Viwili hivyo hukaa pamoja, kila kimoja kikiwa na heshima yake, na maana hukamilika kwa mvaaji anayeamua aivae mbele ya nani na siku gani.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa filamu ya dakika 12 kuhusu mjane wa fundi cherehani. Wadai wa marehemu wanakuja kuichukua cherehani, mjane anaomba siku moja tu ili aimalize kanzu ambayo mumewe aliiacha na mkono mmoja, na mwishoni inadhihirika kwamba kanzu ile ilikuwa ya mmoja wa wadai. Bango lenye uso wa mjane anayelia lingefaa filamu elfu moja nyingine, na lile la cherehani ikiwa juu ya mkokoteni lingekuwa limekwisha kumaliza hadithi kabla mtu hajaketi. Lakini kanzu nyeupe yenye mkono mmoja, iliyotundikwa kwenye msumari katika ukuta mtupu, ni ya kweli kuhusu filamu nzima na bado haisemi lolote. Humwacha mpita njia akijiuliza ni nani aliyekatizwa kazi na kwa nini. Filamu hiyo ikiitwa Mkono wa Pili, jina na picha vitakaa kama jina na mji wa kanga, kwa sababu neno mkono hutaja sehemu ya vazi na pia kiungo cha mwili, na mtazamaji hatajua ni upi unaosubiriwa mpaka mjane aanze kushona.

Wanafunzi wengi hawafiki kwenye kanzu hiyo kwa sababu huiga makava ya filamu za biashara, ambayo hupanga vichwa vya waigizaji, vikubwa kwa vidogo, juu ya moto, gari au nyumba ya kifahari. Mtindo huo una busara yake sokoni, maana mnunuzi anamjua mwigizaji na anamnunua yeye. Filamu ya chuo inapouiga huonyesha nyuso tano zisizojulikana na mtu, na hivyo hutoa ahadi ambayo haina wa kuitimiza. Njia tofauti ilionekana Poland baada ya Vita Kuu ya Pili, pale ambapo shirika la filamu la serikali liliwapa wachoraji kazi ya mabango bila kuwadai picha za nyota, na uhaba wa vifaa vya uchapaji ukawafundisha kutegemea wazo kuliko mapambo. Mmoja wao, Henryk Tomaszewski, alipata zawadi tano za kwanza katika maonyesho ya kimataifa ya mabango yaliyofanyika Vienna mwaka 1948. Ufukara wao ulikuwa ni ufukara wa mwanafunzi, na ndio uliowapa uhuru.

Ufundi huu una upande wa vipimo, nao haupaswi kudharauliwa, kwa sababu ndimo wazo zuri hufia. Fremu moja ya video ya kiwango cha kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, na kwa kuwa uchapaji safi huhitaji takriban nukta 300 kwa kila inchi, fremu hiyo inatosha karatasi ya sentimita 16 kwa 9 tu, ilhali bango dogo la A3 lina sentimita 29.7 kwa 42. Zaidi ya hayo, filamu imelala na bango limesimama, kwa hiyo anayeikata fremu ili aisimamishe hubaki na sehemu mbili tu kati ya tano za upana wake. Ndiyo maana huhitajika picha za mnato, yaani picha zinazopigwa kwa kamera ya picha tuli siku ileile ya upigaji filamu, taa zikiwa bado zimewashwa na kanzu ikiwa bado ukutani, na ndiyo maana msanifu anastahili kupewa mswada tangu siku ya kwanza. Rangi nazo husaliti: kioo cha kompyuta huchanganya mwanga, mashine huchanganya wino, na buluu inayong'aa kwenye kioo hutoka imefifia kwenye karatasi, jambo linalogunduliwa dukani wakati fedha zimekwisha kulipwa. Siku hizi bango huonekana kwanza kwenye simu, likiwa na upana wa kidole gumba, na jina la filamu lisilosomeka kwa kipimo hicho ni kama halikuandikwa. Kionjo, yaani kipande kifupi cha video cha kuitangaza filamu, hufuata sheria ileile ya kutega, nacho kwa filamu ya dakika 12 hakipaswi kuzidi nusu dakika.

Chini ya bango hukaa majina. Katika filamu kubwa mpangilio na ukubwa wake hutawaliwa na mikataba, lakini kwa wanafunzi hakuna mkataba, na aliyeshika kipaza sauti juani kutwa nzima, aliyeazima kanzu ya babu yake na aliyepika chai ya kikundi mara nyingi hawalipwi chochote isipokuwa mstari huo. Msanifu anayezihakiki herufi za majina hayo moja baada ya nyingine, akahakikisha kwamba hakuna Mwanaisha aliyeandikwa Mwanaasha, anafanya kazi yenye uzito sawa na kuchagua picha.

Onyesho likimalizika, watazamaji hutoka kwa mlango uleule walioingilia, na bango bado liko pale. Baadhi yao husimama tena mbele ya ile kanzu, na macho yao huenda moja kwa moja kwenye bega lisilo na mkono.