Gari la Mwisho

Tulitoka Musoma asubuhi, magari matano, Subaru tatu zikinguruma mbele, mimi nikifunga msafara. Mpango: tufike Bunda, kisha turudi hadi Butiama kwenye kaburi la Mwalimu. Kanuni zetu tulizisifia wenyewe: taa ziwake, asipitwe kiongozi, tusiachane.

Kasoro yake ni kwamba zote zilituhusu sisi tu. Hakuna iliyomtaja mwenye baiskeli ya mkaa, wala dereva wa lori aliyetaka kuingia kati yetu akatukuta tumebanana. Tulichokiita umoja, kwa wengine kilikuwa ukuta unaotembea.

Kasoro ya pili ni lugha. Kwa desturi ya barabara zetu, indiketa ya kushoto humwambia wa nyuma apite. Ya kulia, asipite. Karibu na Kiabakari, gari lililonitangulia liliwasha ya kushoto. Nikasoma: pita. Kumbe lilikuwa linaegesha tu, na basi linakuja. Nilirudi upande wangu mikono ikitetemeka. Mwenzangu hakukosea; alisema kwa lugha ya sheria, nikamsikia kwa lugha ya mazoea.

Tangu hapo msafara naupima kwa gari la mwisho. Kiongozi huona njia. Wa mwisho huona migongo ya wenzake, naye hukimbia kuliko wote ili asiachwe. Anayeongoza atazame kioo, aache nafasi ya mgeni kuingia, na kila njia panda amsubiri wa nyuma.

Butiama tulifika wote. Kaburini nilisimama kimya; wenzangu walidhani namwombea Mwalimu.